Waya Ambao Baba Hakuujua

Kanga yenyewe ilikuwa ndogo, kipande tu kilichochanwa kutoka kanga kuukuu ya mama, na mwenye kanga alikuwa na miaka sita. Aliifua kwenye beseni kwa ajili ya mtoto wake wa bandia, akaikamua, kisha akatafuta pa kuianika. Kamba ya nguo ya wakubwa iko juu, haifikii. Lakini mchana ule uani palikuwa na kamba nyengine, nyeupe, imening'inia kutoka chini ya upenu wa jiko, ncha yake ikichezeshwa na upepo usawa wa kifua chake.

Mama yake alitoka jikoni na sufuria ya mchuzi mkononi. Sufuria ilianguka.

"Wacha! Usiguse!"

Mtoto aliganda pale pale, mkono juu, maji ya kanga yakimdondoka kwenye kiwiko. Kati ya kanga mbichi na ile "kamba" palibaki nafasi ya viganja viwili. Mama alimvuta kwa nyuma, akamkumbatia, na kwa muda mrefu hakuna aliyesema neno. Baba alitoka ukumbini, alikokuwa amejinyoosha baada ya sala ya adhuhuri, akauliza kulikoni. Alipoelezwa alicheka kidogo.

"Waya ule hauna kitu. Nimezima mwenyewe tangu asubuhi."

Alisema vile kwa sababu ndivyo alivyoamini.

Nyumba yao iko Pujini, kusini mashariki ya Chake Chake, upande ule wageni wanapopita wakienda kutazama magofu ya ngome ya Mkama Ndume. Miaka kumi na miwili iliyopita, mtoto wao wa kwanza alipoanza masomo ya sekondari, baba alimjengea banda la mbao na bati lililoegemea ukuta wa jiko. Kijana alihitaji pahala pa kusomea na kulala, na nyumba ilikuwa imejaa. Fundi wa wakati ule alivuta waya mmoja kutoka nyumba kubwa, akaweka taa moja na soketi moja, akamaliza.

Miaka ile watu walikuwa bado wanaufurahia umeme. Kabla ya mwaka 2010, pale waya wa chini ya bahari ulipoletwa kutoka Tanga, Pemba ilitegemea majenereta ya dizeli ya Wesha, na kukaa gizani lilikuwa jambo la kawaida. Umeme ulipotulia, kila mzazi aliweka sheria zake za nyumbani. Sheria ya baba huyu ilikuwa kwamba ikifika saa nne usiku, taa ya banda izimwe. Hakuwa akibisha mlango wala kubishana na mtu. Alikwenda kwenye boksi la umeme ukumbini, akashusha breka ya banda, na mambo yakaisha hapo. Asubuhi akiamka kwa sala ya alfajiri, aliipandisha.

Kijana alikua, akamaliza skuli, akahangaika na vibarua, kisha akaenda Muscat kwa jamaa zake, kama walivyokwenda Wapemba wengi kabla yake. Banda likabaki la kuwekea majamvi ya karafuu, baiskeli mbovu na vyombo vya harusi. Bati zikaoza. Msimu wa masika uliopita, maji yalichirizika ukutani mpaka juu ya soketi. Mwaka huu baba aliamua kwamba kabla ya mvua kubwa banda liondoke.

Mama alisema aitwe fundi wa umeme kwanza. Baba aliona hiyo ni hasara. Kuvunja banda la mbao si kazi ya kumlipa mtu, na kuzima breka anajua; ameizima kila usiku kwa miaka. Basi asubuhi ile alishusha breka ya banda, akaingia, akabonyeza swichi ya taa mara tatu. Giza. Swichi kubwa ya nyumba nzima hakuizima, na alikuwa na sababu. Friji ilijaa barafu za ukwaju na za maziwa ambazo mkewe huwauzia watoto wa skuli, na barafu zikiyeyuka, fedha ya wiki nzima imekwenda.

Mpaka adhuhuri bati zilikuwa chini na kuta mbili zimelala. Alifungua soketi na holda ya taa kwa bisibisi, akaziacha waya zake zikining'inia. Aling'oa pia mbao za dari, na zilipoanguka ukashuka waya mwengine mweupe kutoka upande wa jiko, ncha yake imezungushwa tepu nyeusi iliyokauka na kubanduka. Baba aliona ni mkia wa waya ule ule. Akaenda kuswali.

Alasiri fundi alikuja, kwa sababu safari hii mama hakuomba. Alipiga simu mwenyewe. Ni kijana wa pale pale kijijini, aliyesomea umeme katika kituo cha mafunzo ya amali cha Vitongoji. Alisalimia, akavua viatu vyake vya wazi, akavaa vyengine vyenye soli nene ya mpira. Hakwenda kwenye banda. Aliingia ukumbini, akachomeka testa kwenye soketi ya friji. Taa ya testa ikawaka. Ndipo akatoka uani, akaigusisha kwenye waya wa taa ya banda. Kimya. Akaigusisha kwenye waya wa soketi ya banda. Kimya. Akaigusisha kwenye waya mweupe uliokuwa ukicheza na upepo.

Testa iliwaka.

"Haiwezekani," baba alisema. "Nimezima kwa mkono wangu."

"Umezima, ami," fundi alijibu kwa upole. "Hii taa na hii soketi zimekufa. Lakini huu unakula pahala pengine."

Alirudi ukumbini akazima swichi kubwa. Akaupima tena ule waya. Sasa ulikuwa kimya. Akaikunja ncha yake juu, mbali na mikono ya watoto, akauliza suali moja tu: "Nani aliufunga huu?"

Hakuna aliyejua. Fundi wa zamani alivuta waya mmoja. Baba alisimama pale siku ile akamuona. Mama aliutazama ukuta wa jiko kwa muda, kisha akasema, "Mpigie mwanao."

Muscat walikuwa mbele kwa saa moja, na kijana ndiyo kwanza alikuwa anatoka kazini. Uso wake ulijaa kwenye simu, mashavu yana grisi. "Assalamu alaykum. Shikamoo baba." Baba aliitikia, akamgeuzia kamera waya. Kijana aliutazama. Tabasamu likamtoka usoni.

"Nani ameugusa?"

"Hajaugusa mtu. Mdogo wako alitaka kuanika kanga."

Kijana aliinamisha kichwa. Simu ilionesha nywele zake tu. Aliposema tena, sauti ilikuwa ya yule mvulana wa banda. "Baba, nisamehe. Ule ni wangu."

Alieleza. Alikuwa na miaka kumi na sita, mitihani imekaribia, na breka ilikuwa ikishushwa kila saa nne usiku. Siku moja wazee wamekwenda mazikoni Chake, alipanda juu ya dari na waya aliopewa na rafiki yake, akauunga kwenye waya unaolisha soketi ya jiko, akaupitisha nyuma ya mbao mpaka kitandani kwake. Aliweka soketi ndogo chini ya godoro. Taa ya banda ilipozimwa, yeye aliwasha ya mezani, akaziba mwanga kwa shuka. Mara nyengine alisoma. Mara nyengi zaidi alitazama filamu kwenye simu. Alipoondoka kwenda Muscat aling'oa soketi ile asigunduliwe, akafunga ncha kwa tepu, na kuusahau. Au tuseme alijaribu kuusahau. Kila alipoambiwa banda linavuja, alikuwa na nia ya kusema, akaona haya.

Baba hakujibu upesi. Hasira ilimpanda, na pamoja nayo kitu chengine alichokuwa hajakizoea. Miaka yote ile alidhani kuwa saa nne usiku nyumba yake inamtii.

Kijana, kwa kujaribu kuvunja kimya kile, alianza kuzungumza habari za kazi. Gereji anayofanyia kazi hutengeneza magari ya kila aina, pamoja na yale magari-nyumba ambayo watu hulala ndani yake wakienda kupiga kambi majangwani. Baadhi yake yana chumba kinachotoka ubavuni kama droo ya meza. Gari likisimama, kitufe kinabonyezwa, chumba kinateleza nje na ndani panapatikana nafasi. Likitaka kuondoka, chumba kinarudi. Wiki chache zilizopita waliletewa gari ambalo chumba kile kimeoza kwa maji, na mwenyewe anataka king'olewe kabisa, ubavu uzibwe.

"Siku ya kwanza bosi alinikataza kugusa waya hata mmoja," alisema. "Aliniambia gari hili lina umeme wa njia mbili, pengine tatu."

Kuna betri ya volti 12 inayolisha taa ndogo na mota ya kusukuma chumba. Kuna waya mnene wa nje, unaochomekwa kambini kuleta umeme kama wa nyumbani kwa ajili ya soketi na kiyoyozi. Na mengine yana paneli za jua juu ya paa, zinazoendelea kuijaza betri hata gari likiwa limezimwa. Ukichomoa waya wa nje ukadhani umemaliza, betri bado iko. Volti 12 haimrushi mtu kama umeme wa ukutani, lakini betri kubwa ina nguvu ya kuufanya waya uwe mwekundu na kuwasha moto, ncha mbili zikigusana au zikigusa bodi ya chuma.

Basi waliondoa kila chanzo, kimoja baada ya chengine, na kupima. Walipiga picha kila kiungio kwa simu kabla ya kukifungua. Kila waya uliwekewa kikaratasi cha jina: huu wa taa, huu wa mota, huu wa soketi. Waya za chumba kile huachwa ndefu na kulegezwa, ili zinyooke chumba kinapotoka. Kwa hivyo hazikukatwa pale zilipoonekana, bali zilifuatwa mpaka kwenye boksi la fyuzi zinakoanzia, zikatolewa huko. Ile iliyolazimu kubaki ndani ya ukuta ilifungwa ncha, kila waya peke yake, na kuwekwa ndani ya boksi lenye kifuniko.

"Nilipokuwa nafanya ile kazi nilikuwa nalikumbuka banda," kijana alisema. "Nikasema nitampigia baba Ijumaa. Ijumaa ikapita."

Fundi wa Pujini, aliyekuwa akisikiliza huku ameegemea ukuta, alitikisa kichwa. "Kaka, ungekuwa karibu ningekupa kazi. Ndiyo hivyo hivyo tutakavyofanya hapa."

Na ndivyo walivyofanya. Swichi kubwa ilibaki imezimwa, ikabandikwa karatasi na tepu: "Usiwashe, fundi yuko kazini." Kila mtu wa nyumbani aliambiwa, pamoja na jirani ambaye huingia kuchaji simu. Barafu za mama zilihamishiwa friji ya shangazi, nyumba ya pili. Ilichukua dakika kumi. Zile barafu zilizomfanya baba aogope kuzima nyumba nzima hazikuyeyuka hata moja.

Fundi aliufuata waya wa kijana kwa mkono mpaka juu ya dari ya jiko. Kiungio chake kilikuwa ni waya mbili zilizosokotwa na kufungwa tepu, juu ya mbao kavu yenye vumbi na majani ya kiota cha ndege. Tepu ilikuwa imebadilika rangi kwa joto. Kiungio kilicholegea hupata moto kila kinapobeba mzigo, na breka haijui, kwa sababu kazi ya breka ya kawaida ni kukata umeme ukizidi kiwango cha waya, si kunusa joto la tepu. Wala breka hiyo haimlindi mtu aliyeshika waya. Umeme mdogo sana kuliko ule wa kuishusha watosha kuua. Kinachomlinda mtu ni kifaa chengine, kile kinachokata umeme haraka unapovuja kwa kiasi cha milliampia 30 tu, na nyumba ile haikuwa nacho. Baba aliuliza bei yake palepale.

Rangi za waya pia hazikusaidia. Kwa utaratibu wa zamani waya wa moto ulikuwa mwekundu na nyutro nyeusi; sasa ni kahawia na buluu, na wa ardhi ni kijani chenye mstari wa manjano. Mvulana wa miaka kumi na sita alitumia alichopata. Ndani ya ganda jeupe, waya zote mbili zilikuwa nyeusi.

Ule waya wa halali nao ulikuwa na lake. Baba alitaka ukatwe ukutani na kufungwa tepu, kazi iishe. Fundi alimuonesha kwamba baada ya kufika bandani, waya ule uliendelea mpaka choo cha nje na taa ya uani. Ukikatwa, choo kitakuwa giza, na hilo mtu ataliona usiku ule ule. Lakini kuna jengine lisiloonekana. Waya wa ardhi wa choo ulipita bandani humo humo. Lau mtu angeunga waya mbili za taa na kuusahau ule wa tatu, taa ingewaka kama kawaida na kila mtu angeridhika, mpaka siku kifaa cha bati au chuma kitakapopata hitilafu na mtu akakigusa akiwa na miguu mbichi.

Kwa hivyo waya wote wa banda ulitolewa kuanzia kwenye boksi. Mpya ulipitishwa ndani ya paipu chini ya upenu, juu kabisa, moja kwa moja mpaka chooni, waya zote tatu. Mahali pa kuungia paliwekwa boksi la plastiki lenye kifuniko cha skrubu. Tundu la ukutani lilizibwa kwa saruji. Fundi alipomaliza aliwasha swichi kubwa, akapima kila soketi ya nyumba, akaandika kwa kalamu ya wino mzito kando ya kila breka: jiko, vyumba, uani na choo.

Kabla ya kuondoka alimwambia mama jambo moja, watoto wakiwa wanasikia. Mtu akinaswa na umeme asishikwe kwa mkono. Kimbilieni swichi kubwa. Kama haifikiki, msukumeni aachane na waya kwa mti mkavu au plastiki, na anayesukuma asimame pakavu. Na hata akiinuka akasema hajambo, apelekwe hospitali.

Usiku, watoto wamelala, mama alizungumza. Alikuwa akikunja nguo na hakumtazama mumewe.

"Mimi nilikuwa nauona mwanga."

"Mwanga gani?"

"Wa bandani. Kwenye tundu za misumari. Saa tano, saa sita. Nikidhani ni tochi ya simu. Nikasema, nikimwambia baba yake itakuwa fimbo. Nikanyamaza."

Baba alikaa kwenye kiti kilichotazamana na boksi la umeme. Angeweza kusema mengi. Kijana alimficha, mkewe alimficha, na yeye mwenyewe hakuwahi hata mara moja kubisha ule mlango saa nne usiku na kuuliza, mwanangu, umebakisha nini kusoma? Alikuwa na breka, na breka ilikuwa rahisi zaidi.

"Nilikuwa mkali hivyo?" aliuliza.

Mama alikunja kanga moja, akaiweka juu ya nyengine. "Ulikuwa ukitaka alale."

Siku ya pili asubuhi alimpigia simu kijana kabla hajaingia kazini. Hakumsomesha. Alimuuliza kama mle chumbani anamolala na wenzake kuna waya za kuungaunga. Kijana alicheka, akasema zipo mbili. "Basi mwambie mwenye nyumba leo," baba alisema. "Usingoje Ijumaa."

Kisha alimwita yule wa miaka sita. Alichuchumaa mbele yake ili macho yalingane. Alimwambia kwamba waya si kamba, hata ukiwa umekatika, hata baba akisema umezimwa. Na akiona waya pahala popote, au akifanya jambo na waya, aje amwambie, hata kama amekosea. Hatapigwa.

"Hata nikivunja taa?"

"Hata ukivunja taa."

Mtoto alifikiri. "Na kanga ya mtoto wangu nitaanika wapi?"

Baba alitafuta kipande cha kamba ya usumba ghalani. Akakifunga kutoka nguzo ya upenu mpaka mti wa mpera, mahali banda lilipokuwa limesimama, usawa wa kifua cha mtoto. Kisha akainua macho, akatazama juu ya kamba ile, kulia na kushoto, mpaka aliporidhika kwamba hapakuwa na kitu chengine kinachoning'inia.